Mara Sita, Kutoka Mlangoni hadi Dirishani

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku kumi na moja ya kazi, fundi mkuu wa Maabara ya Mwendo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba. Sherehe itaanza saa nane mchana katika ukumbi wa vipimo, palepale alipofanyia kazi, kwa sababu alikataa katakata kuagwa kwenye ukumbi wa mikutano. Alisema kule hana chake. Kamati iliniomba nimwandikie wasifu mfupi wenye kuchangamsha. Mfupi nimeshindwa. Kuchangamsha nitajitahidi, ila msinidai.

Wengi humu ndani hawalijui jina lake la kwenye barua ya ajira. Tunamwita Jumatatu, na wageni hudhani ndiyo siku aliyozaliwa. Sababu ni nyingine na nitaifikia, maana ndiyo iliyotuletea makubwa.

Kwa wale wa idara nyingine wanaochungulia mlangoni na kuona watu wazima wamevaa kaptula wakitembea na kurudi kama waliopoteza funguo, kazi yetu ni hii: tunachunguza jinsi ubongo, neva na misuli vinavyoelewana ili mtu anyanyue mguu, auweke chini, na asianguke. Jambo ambalo kila mtu analifanya bila kufikiri, sisi tunalifikiria kutwa. Sakafuni pana vibao viwili vya chuma, kila kimoja ukubwa wa sinia, vinavyosoma nguvu ya mguu unapokanyaga na kusukuma. Ukutani kuna kamera nane zinazofuata vitufe vinavyong'aa, ambavyo tunambandika mtu kuanzia mabegani hadi vidoleni. Anayevibandika ni yeye.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na tisa, fundi umeme wa mkataba wa miezi mitatu, afunge kamera aondoke. Kamera zilikataa kukaa sawa, mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena, mwishowe utawala ukachoka kuongeza ukamwajiri. Mambo ya mifupa alijifunza kwa kutazama na kuuliza maswali yaliyowachosha madaktari. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anabandika vitufe vizuri kuliko sisi tuliosomea. Kitufe kikikaa pembeni kwa upana wa kidole tu, goti la mtu kwenye kompyuta linakunjika mahali pasipo na goti. Vyake havikuwahi kukaa pembeni. Alikuwa anafumba macho, anapapasa nyonga ya mtu kwa kidole gumba, anasema "hapa", na kweli ni hapo.

Kabla ya kumgusa mgonjwa alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka vidole vipate joto. Alisema mtu aliyeshtuliwa na mkono wa baridi hatembei mwendo wake. Chai yenyewe mara nyingi hakuinywa, na dada wa usafi ana mengi ya kusema kuhusu vikombe alivyovikuta nyuma ya kompyuta. Watoto wakiogopa vitufe, alijibandika kimoja puani na kufanya kazi hivyohivyo, uso umekaza, hadi mtoto acheke. Siku moja alisahau akaenda nacho kikaoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Masikio yake nayo yalikuwa balaa. Akiwa amegeuzia mlango mgongo alijua nani anakuja koridoni, na kama amelala vizuri. Aliwahi kuletewa mchezaji wa mpira aliyetaka cheti cha kupumzishwa kwa sababu ya mguu. Jumatatu hakuwasha hata mashine. Alimsindikiza hadi nje, akarudi akatuambia kijana alichechemea mguu wa kulia akiingia na wa kushoto akitoka.

Lakini nikiulizwa lipi lilikuwa lake hasa, nitamtaja mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa Pakinsoni. Ugonjwa huo huiba mwendo kidogokidogo: kwanza mkono unalala, halafu hatua zinafupika, halafu siku moja mtu anafika kwenye kizingiti cha mlango na miguu inagoma, kana kwamba nyayo zimegundishwa sakafuni. Mwalimu aligandia mlangoni kwetu, jasho linamtoka, na sisi wataalamu tukaanza kujadiliana. Jumatatu akaanza kupiga makofi, taratibu, sawasawa. Mwalimu akanyanyua mguu. Makofi hayo ndiyo yaliyompeleka hadi dirishani. Jambo lenyewe limeandikwa vitabuni, kwamba ubongo ukikosa mdundo wake wa ndani unaweza kuazima wa nje, na sote tulikuwa tumelisoma. Aliyelikumbuka ni fundi umeme.

Sasa hilo jina. Mwaka ule maabara ilipofunguliwa, vyuma vya uzito vya kuhakikishia vibao vilichelewa kufika. Profesa, mkuu wetu, akasema basi atembee mtu mmoja, yuleyule, kila Jumatatu asubuhi, tuone kama namba za wiki hii zinalingana na za wiki iliyopita. Jumatatu alikuwa amesimama karibu. Akatembea mara sita, kutoka mlangoni hadi dirishani, akianza na mguu wa kulia. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Vyuma vilifika miezi saba baadaye, tukavitumia mara moja tukaona vizito kubeba. Kimoja ndicho kinachozuia mlango usijifunge hadi leo. Mnakikanyaga mkipita.

Hivyo ndivyo tulivyopata rekodi ya mwendo wa mtu mmoja yenye Jumatatu zaidi ya elfu moja na mia nne. Tunaweza kukuonyesha alivyotembea wiki aliyooa, wiki aliyomzika mama yake, na wiki bintiye alipofaulu mtihani. Katika mstari wa mguu wake wa kulia kuna kijinundu kidogo, zawadi ya baiskeli iliyomwangusha ujanani na kumvunja kifundo. Wanafunzi wapya hudhani ni hitilafu na kukifuta, kisha huambiwa wakirudishe na kukiomba radhi. Hatua kumi na moja, mwendo wa hatua mia moja na nane kwa dakika. Tulimzoea kiasi kwamba mashine ikitofautiana naye, tulijua mkosaji ni mashine.

Naomba msomaji arudie sentensi hiyo, kwa sababu mimi sikuirudia.

Mimi ni mhandisi wa vipimo wa maabara hii, mwaka wa kumi na tisa sasa. Yeye huniita mdogo wangu. Miaka mitano iliyopita, kibao cha pili kilianza kusoma pungufu kila Jumatatu. Kidogo sana, lakini kila wiki. Nikaandika kwenye daftari la marekebisho: kibao cha pili kinalegea, kimerekebishwa. Nikapandisha namba zake hadi zikalingana na mwendo wa Jumatatu wa siku zote, nikatia sahihi. Baada ya miezi sita kikalegea tena. Nikapandisha tena. Nilifanya hivyo mara tano katika muda wa miaka miwili na nusu. Kamera ya tatu nayo ikaonyesha mkono wake wa kushoto haurushwi kama zamani, nikapanda ngazi nikaihamisha kamera. Mkono wenyewe tulikuwa tunauona kwa macho yetu. Tulimtania kwamba amekuwa bosi, siku hizi anatembea na mkono mmoja, mwingine haujisumbui. Utani huo niliuanzisha mimi.

Kilichonifumbua macho ni miwani. Jumatatu moja, mwaka juzi, alimaliza mzunguko wa sita, akagundua ameisahau miwani yake kwenye meza ya mlangoni, akageuka kuifuata. Sikuwa nimesimamisha kurekodi. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpima akitoka dirishani kwenda mlangoni. Akienda dirishani, mguu wa kushoto ndio unaokanyaga kibao cha pili, wiki baada ya wiki. Akirudi, unakanyaga cha kwanza. Nikatazama skrini, ule upungufu ulikuwa umehamia kibao cha kwanza. Kile cha pili, chini ya mguu wake wa kulia, kilisoma nguvu kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo akiwa kijana.

Kibao hakikuwa na kosa lolote. Mguu ndio uliokuwa unadhoofika, na mimi kila nilipouona unadhoofika nilirekebisha mashine ili usionekane. Kile chuma cha mlangoni kingeniambia ukweli kwa dakika tano. Kilikuwa pale.

Siku tisa nilikaa kimya. Nilikuwa napita njia ya nyuma nisikutane naye. Siku ya kumi, Alhamisi baada ya chakula cha mchana, nilichapisha zile grafu, nikakata sehemu ya jina kwa mkasi, nikampelekea, nikamwuliza anamwonaje mtu huyu. Msiuite huo utaalamu, ulikuwa woga. Alivaa miwani, akavuta kiti. Akasema mkono wa kushoto umelala, hatua zimeanza kufupika, huyu aende kwa daktari wa neva asichelewe, na asiende peke yake, aende na mtu wa nyumbani, maana kwa habari za namna hiyo masikio ya mtu mmoja hayatoshi. Akauliza kama ana mke. Nikasema anaye. Kidole chake kikaendelea kufuata mstari wa mguu wa kulia, kikafika kwenye kijinundu, kikatulia hapo.

Nje koridoni alipita mtu, na kwa mara ya kwanza hakuniambia ni nani. Kisha akaomba daftari la marekebisho. Akayasoma yote matano, na sahihi zangu zote tano, akalifunga. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Aliniuliza tu, "Na wagonjwa tuliowapima, mdogo wangu?"

Ndugu zangu, hilo ndilo lililomweka kazini hadi leo, wakati daktari alishampa ruhusa ya kupumzika tangu mwaka juzi. Watu arobaini na watatu walikuwa wamepimwa juu ya kibao nilichokiharibu. Profesa alipendekeza tuwaandikie barua. Jumatatu akasema barua haitembei, akavuta simu, akampigia mmoja baada ya mwingine, na kuwapima upya wote waliokubali kurudi. Kufikia katikati ya kazi hiyo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kutetemeka, akawa anabandika vitufe kwa mkono mmoja na kushikilia vingine kwa meno. Kila kitufe kilikaa mahali pake.

Kumi na mmoja kati ya hao tulikuwa tumewaambia uongo, na huo si utani. Mmoja ni mama fundi cherehani aliyevunjika nyonga. Sisi ndio tuliomwambia mguu wake wa kushoto umerudi, akaacha mazoezi, akarudi kwenye mashine yake ya kukanyaga kwa miguu. Mguu haukuwa umerudi. Alipoitwa upya alikuja na fimbo, ambayo madaktari wanasema sasa ni ya maisha. Alitusikiliza hadi mwisho, halafu akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya sherehe, na kila neno lilikuwa halali yetu. Jumatatu alisimama mbele yake akamwomba radhi, yeye ambaye hakuwa na kosa ila kuugua. Mimi ndiye niliyepaswa kusimama pale. Nilisimama baadaye, nikiwa nimechelewa, kama kawaida yangu. Mama huyo bado hajatusamehe, lakini kila Jumanne anakuja, na aliyekuwa anamshikia bega akifanya mazoezi ni fundi mgonjwa kuliko yeye. Kuanzia wiki ijayo nitamshikia mimi. Amekubali kwa kuguna.

Kuna wanaosema kwamba angalau ugonjwa ulionekana. Naomba wasiniambie mimi. Daktari wa neva alisema dawa zisingeuzuia usije, hakuna dawa ya hivyo, ila miaka miwili ya mazoezi na matibabu ni miaka miwili, na yeye hakuipata. Katika maabara nzima iliyojengwa ili kuuona mwendo wa mtu unavyobadilika, mtu tuliyempima kuliko wote ndiye ambaye hatukumwona. Nimeomba jambo hili liandikwe kwenye kijitabu hiki kwa ruhusa yake. Alisema kama nitamwandikia sifa tupu, hatakuja.

Sifa anazo, lakini. Mafundi sita wanaobandika vitufe katika taasisi nyingine amewafundisha yeye. Siku hizi vibao vinahakikishwa kwa vyuma, kila Jumatatu, na anayevibeba ni mimi, na mgongo wangu unakumbuka kwa nini. Na ile rekodi yake, ambayo tuliiona kama karatasi za kuhakikishia mashine tu, sasa ndiyo kitu adimu kuliko vyote tulivyonavyo: mwendo wa mtu mmoja kabla ya ugonjwa, ugonjwa ukinyemelea, na baada. Ametukabidhi yote tuitumie. Sharti lake ni kwamba kijinundu kisifutwe.

Mkewe, shemeji yetu, alikuja ofisini kwangu wiki mbili zilizopita. Alitaka siku ya sherehe mumewe aingizwe kwa kiti cha magurudumu, kwa sababu milango sasa ndiyo adui yake mkubwa. Nyumbani anaweza kusimama kwenye mlango wa chumbani hadi chakula kipoe. Shemeji hakutaka agande mbele ya watu waliomheshimu miaka thelathini na mmoja, na alilia kidogo alipokuwa anasema, halafu akanikemea kwa kumtazama. Tukampelekea Jumatatu shauri hilo. Akajibu kwamba ameuvuka mlango ule akiwa mzima, na hatatoka kazini bila kuuvuka mara moja zaidi. Shemeji akaniuliza kama ataweza. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Jumatatu iliyopita tulijaribu watu watatu tu, na aliganda kizingitini karibu dakika mbili kabla miguu haijamtii.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi badala ya kumwachia mwenzangu mwenye kalamu tamu. Saa nane kamili mlango utafunguliwa. Msisimame, msimkimbilie, msimshike mkono, asipoomba. Na tafadhali sana, msipige makofi ya sherehe, yale ya kila mtu na lake, kwa sababu hayo yatamchanganya zaidi. Mimi nitakuwa nimesimama dirishani karibu na kiti chake. Nitaanza kupiga, nanyi mnifuate, sote pamoja, mia moja na nane kwa dakika: si mbio za mtu anayewahi basi, wala kujivuta kwa mtu anayesindikiza mgeni. Ndio mwendo wake. Tunao kwenye kompyuta wa miaka thelathini, tunaweza kumwazima saa moja.

Akiganda, msinyamaze wala msiongeze kasi. Endeleeni vilevile.

Zamani kutoka mlangoni hadi dirishani zilikuwa hatua kumi na moja. Wiki iliyopita zilikuwa kumi na tisa. Ijumaa huenda zikawa zaidi. Kwa hiyo msihesabu, msije mkaishia njiani mkidhani amefika. Pigeni mpaka akae.

Kaka yetu, asante kwa vidole vyenye joto, kwa vikombe vya chai baridi, kwa mwalimu uliyemfikisha dirishani, na kwa swali lile uliloniuliza nilipostahili tusi. Tunakuombea asubuhi nyepesi, milango mipana, na watu wa nyumbani wenye mikono isiyochoka kupiga. Vibao vitakuwa vimewashwa utakapoingia, kama ulivyotaka. Namba zitakazotoka tutaziandika zilivyo, na safari hii hakuna atakayezirekebisha.